Kweupe Upande wa Kirua

Kituo cha Rada, Longido
3 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, natumaini na ninyi nyumbani hamjambo, watu na ng'ombe. Barua yako ilinifikia Ijumaa. Jacob wa stendi ya Moshi aliikabidhi kwa dereva wa Namanga, ikafika na alama ya chupa ya soda juu ya bahasha. Najua tunaandikiana kwa sababu masikio yako hayapatani na simu, lakini hata yangepatana ningependa barua. Zamani kwenye simu ulikuwa unasema "haya" mara tatu, unakata.

Umeuliza hasa ninaona nini kwenye hiyo rada. Nitakueleza polepole, kama ulivyotufundisha sisi darasa la nne. Juu ya mnara wetu kuna sahani kubwa inayozunguka saa zote. Inarusha mawimbi, yanagonga matone ya mvua huko mbali na kurudi, nasi tunaona rangi kwenye skrini. Kijani ni mvua ya kawaida, njano ni kubwa, nyekundu ni ya kukimbilia ndani, zambarau ni mvua ya mawe. Ukurasa mwingine ni wa upepo. Unafuata jinsi matone yanavyosukumwa, unaniandikia kasi kwa kilomita kwa saa. Wiki iliyopita niliona dhoruba ya kilomita themanini kwa saa ikija kutoka Namanga. Nilimpigia mwenyekiti wa kijiji, wakatoa ng'ombe korongoni, na dakika ishirini baadaye maji yakashuka. Mkuu wangu, Bwana Filemon, ambaye si mtu wa kusifu, alisema "vizuri" na kuendelea na chai yake. Nimefurahi wiki nzima kwa hiyo "vizuri".

Sasa nikuchokoze kidogo. Tangu nihamie hapa, wiki sita sasa, upande wa Kirua kwenye skrini yangu ni kweupe kila siku. Na wewe kila barua unafunga kwa milimita tano, milimita tisa. Bwana Filemon anasema hayo ni manyunyu ya mlimani, rada haishughuliki nayo. Mimi nasema unamwagia kipimo chako cha mvua maji ili usikose cha kuandika.

Msalimie Shangazi Beatrice. Mwambie kitenge chake nimeshanunua.

Mwanao,
Kindness


Kirua Vunjo
9 Novemba 2024

Mwanangu Kindness,

Marahaba. Hatujambo. Ng'ombe amezaa, dume kwa bahati mbaya.

Nimekuelewa kuhusu rada. Maelezo yako yangepata alama saba kwa kumi; ulisahau kusema sahani hiyo inaona umbali gani. Kuhusu maji kwenye kipimo, nimepima mvua hapa miaka thelathini na moja, kila siku saa tatu asubuhi, na sijawahi kuongeza wala kupunguza tone. Kama mashine yako haioni kinachonilowesha mimi, ifuteni vumbi.

Na mimi nina ukurasa wa upepo, hukuuona kwa sababu uko kichwani. Upepo wa kwanza unageuza majani ya migomba, unaona upande wa chini ulio mweupe. Wa pili unayachana. Wa tatu unaangusha mgomba wenye mkungu. Wa nne unachukua bati. Katika miaka yote hiyo nimeandika wa nne mara mbili tu.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili tarehe 24 Brenda, mtoto wa kaka yako Wilson, anabarikiwa kipaimara. Tumealika watu mia tatu. Wilson na Loveness wanataka turubai kubwa uwanjani, mbele ya kanisa, ili watu wote wakae pamoja na mbuzi wa ndafu akatwe mbele yao. Mimi ningependa ukumbi wa usharika, ingawa wengine watakula wamesimama, kwa sababu ni Novemba na mvua za vuli hazina adabu. Tumebishana wiki nzima. Mwisho Loveness akasema, "Baba, si una binti anayetazama mawingu kwa mashine?"

Basi Jumapili hiyo tazama upande wetu, umwandikie Loveness kwenye simu yake. Watu hapa huja kuniuliza mimi kabla ya kuanika kahawa au kupanda maharage, na wakisikia nimekuuliza wewe wataridhika. Hata shangazi yako anajisifu kwa majirani kwamba mtoto aliyembeba mgongoni wakati mama yako amelazwa, leo anaona upepo.

Mvua ya leo asubuhi: milimita 6.2. Upepo: wa kwanza.

Baba yako,
Eliufoo


Longido
17 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Hii ni fupi, naingia zamu.

Nimebadilishana na mwenzangu, kwa hiyo tarehe 24 niko kwenye skrini kuanzia alfajiri hadi jioni. Nitamwandikia Loveness asubuhi kabla ya ibada, na tena mchana kabla watu hawajakaa kula. Fungeni turubai bila wasiwasi. Likitokea wingu la ukubwa wa sahani ya chai nitaliona kabla yenu.

Kitenge cha Shangazi nimempa dereva. Avae siku hiyo, apigwe picha.

Mwanao,
Kindness


Kirua Vunjo
27 Novemba 2024

Mwanangu Kindness,

Natumaini hujambo. Sisi tupo.

Brenda amebarikiwa pamoja na wenzake thelathini na wawili. Mchungaji alihubiri vizuri, kwa kifupi. Watu walikuja wengi na walikula. Brenda amepewa mtamba na mbuzi wawili, na Biblia tano, ambazo ni nyingi kwa mtu mmoja.

Asante kwa kutusaidia. Fanya kazi yako kwa bidii na umsikilize mkuu wako.

Baba yako,
Eliufoo


Longido
4 Desemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi sana. Nilimwonyesha Bwana Filemon barua yako, sehemu ya mtamba na ya Biblia tano, akacheka, jambo ambalo hapa tunaliandika kwenye kalenda.

Siku nzima ile niliwatazama. Ilikuwa kweupe asubuhi, kweupe saa saba, kweupe mpaka nilipotoka zamu. Nilijiona kama nimekaa nanyi mezani.

Lakini nina maswali mawili. Shangazi hajasema lolote kuhusu kitenge, na simu yake haipatikani. Loveness nikimpigia anasema yuko sokoni, hata saa ambazo soko limefungwa. Je, hakikumpendeza? Pili, mwisho wa barua yako hakuna mvua. Nimegeuza karatasi nikidhani umeandika nyuma. Nina barua zako zote tangu nikiwa shule ya bweni, hakuna hata moja isiyo na mvua. Umesahau, au ndiyo uzee?

Mwanao,
Kindness


Kirua Vunjo
10 Desemba 2024

Wifi yangu Kindness,

Salamu nyingi. Baba amenikataza kukupigia simu kuhusu jambo hili, wala kukutumia ujumbe. Barua hakuitaja. Kwa hiyo ninaandika, na nitampa Jacob mkononi mwake mwenyewe.

Wifi, turubai lilianguka.

Asubuhi ujumbe wako ulikuja ukisema kweupe, tukafunga. Saa saba kasoro tukitoka kanisani Baba alisimama nje, hakusogea. Majani ya migomba ya jirani, Mzee Sifael, yalikuwa yamegeuka yote, halafu yakaanza kuchanika. Baba akaniambia, "Loveness, tuwaingize watu kanisani, chakula kitafuata." Nami nikamwonyesha simu, maana ujumbe wako wa pili ulikuwa umeingia muda huohuo. Uliandika, "Bado kweupe. Kaeni mle chakula." Alifuta miwani, akasoma, akasoma tena. Akasema, "Kindness anaona mbali kuliko mimi." Akamwambia Mzee Sifael awakalishe watu.

Haikupita robo saa. Upepo ulitoka upande wa Mwika na mvua ya mawe juu yake, ukaingia chini ya turubai ukalinyanyua lote. Ndafu ilikuwa bado haijakatwa. Nguzo moja ya chuma ilichomoka, ikampiga Shangazi pajani. Mfupa umevunjika. Amefungwa chuma ndani, bado amelazwa Moshi mjini, na madaktari wanasema atatembea lakini kwa gongo. Kitenge chako ndicho alichokuwa amevaa. Walikikata kwa mkasi.

Baba alikuandikia kwamba watu walikula. Ni kweli, walikula Jumatatu, nyama iliyolowa.

Siku ileile, watu wakiwa wamejibanza kanisani, Mzee Sifael aliuliza kwa sauti nani aliyesema tukae. Nilifungua mdomo. Baba akanitangulia, akasema, "Ni mimi. Nilitazama mawingu vibaya." Baadaye akaniambia nifute ujumbe wako. Sikuufuta.

Tangu hapo hakuna anayekuja kumuuliza kama aanike kahawa. Mzee Sifael anampita njiani kama anapita kisiki. Na Baba mwenyewe haendi tena kwenye kipimo. Ninaumia, wifi, kwa sababu turubai nililitaka mimi na simu niliionyesha mimi. Nisamehe kukuambia, lakini nimeshindwa kuendelea kwenda sokoni kila ukipiga.

Wifi yako,
Loveness


Longido
14 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Loveness ameniandikia. Usimgombeze, hakupiga simu.

Nimelia kwa siku moja, halafu nikaenda kufungua picha za tarehe 24, maana tunazihifadhi zote. Nakuandikia nilichokikuta, kwa sababu wewe ndiye mwalimu wangu na lazima ujue kosa lilikuwa wapi.

Rada hutazama kwa ngazi. Ngazi ya chini inapita karibu na ardhi, za juu zinapita angani. Mimi nilizoea kutazama ya chini, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha mvua itakayomfikia mtu. Kutoka Longido kuja Kirua kuna nini katikati, Baba? Kuna mlima. Mawimbi ya ngazi ya chini yanagonga kilele cha Shira yanaishia pale. Nyuma yake rada haioni kitu, na isipoona kitu inaacha peupe. Ni peupe palepale panapokuwa peupe kukiwa na jua. Kwa wiki tisa nilitazama kivuli cha mlima nikakiita hali nzuri ya hewa, na wewe ukiniandikia milimita tisa nikakutania kuhusu maji.

Nilipofungua ngazi ya juu ya Jumapili ile, kichwa cha dhoruba kilikuwa pale, juu ya bega la mlima, chekundu na katikati zambarau. Saa saba kasoro dakika kumi. Ningebonyeza mara moja tu ningekiona. Sikubonyeza. Nilikuandikieni mkae mle.

Nimemweleza Bwana Filemon. Hakusema "vizuri". Ameniandikia barua ya onyo na nimeisaini. Amesema pia kwamba tunaweza kubadilisha skrini, hilo eneo la nyuma ya mlima lipakwe kijivu liandikwe kwamba hapa hatuoni, na yeyote aliye zamu alazimike kumpigia mtu wa huko kabla ya kusema lolote. Ila wakubwa wake watauliza chini kulinyesha kiasi gani. Picha ya mawingu ya juu haiwatoshi. Wanataka namba kutoka ardhini, na kati ya Moshi na Kilema hakuna anayepima ila wewe.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. La kwanza, namba ya tarehe 24. La pili, ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, nimeandika kwamba aliyesema watu wakae ni mimi, siyo Mwalimu Eliufoo. Naomba isomwe kanisani kwenye matangazo.

Na kama utaweza, ukate jani la isale la kuombea msamaha kwenye mpaka wa shamba letu la kihamba, umpelekee Shangazi hospitalini kwa niaba yangu. Nimemvunja mtu aliyenibeba.

Mwanao,
Kindness


Kirua Vunjo
19 Desemba 2024

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Maelezo yako ya ngazi za rada safari hii yanastahili kumi.

Namba sina. Siku ile palikuwa na mambo ya hospitali, sikupima.

Karatasi yako ya kanisani nimeiweka ndani ya Biblia na itakaa humo. Mzee wa miaka sabini na minne akikosea mvua, watu husema amezeeka, na kweli amezeeka, yameisha. Msichana aliye kazini miezi miwili akikosea, watakumbuka kila akifungua mdomo. Na hapa wanakufahamu kama mtu anayeona upepo. Niachie hilo.

Hata hivyo wewe ulikuwa Longido. Mimi nilikuwa chini ya migomba, niliuona upepo wa pili kwa macho yangu, na nikasoma simu. Kosa hilo nalo lina mwenyewe.

Tunakungoja Krismasi kama kawaida.

Baba yako,
Eliufoo


Longido
23 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Krismasi siji. Najua kila Mchaga atakuwa nyumbani, lakini sitakaa mezani nile ndizi huku watu wanakupita njiani kwa ajili yangu.

Unasema hukupima. Siku tuliyomzika Mama nilikuwa na miaka tisa. Watu walikuwa wamejaa uani, jeneza liko sebuleni, na saa tatu nikakuona unatoka mlango wa nyuma na suti yako nyeusi, ukainama kwenye kipimo, ukaandika, ukarudi ndani. Niliwahi kukichukia kile kitendo. Baadaye nikiwa chuoni nilikwenda kutafuta kwenye kumbukumbu za ofisi ya hali ya hewa, unakopeleka fomu zako, nikaikuta tarehe ile. Milimita 3.1. Nililia pale kwenye makabati, kwa sababu ilikuwa kama mtu ameandika kwamba siku ile ilikuwepo.

Aliyepima siku ile hawezi kuniambia hakupima Novemba.

Baba, usiponipa namba, kwenye kumbukumbu Jumapili ile Kirua palikuwa peupe. Mwaka kesho nitahamishwa, atakaa mwingine kwenye kiti hiki, mgeni kama nilivyokuwa mimi, na mtu atamuuliza kuhusu turubai lake. Mimi nimeshapata barua ya onyo. Hunikingi tena na kitu. Unaukinga uongo tu, na hujawahi kunifundisha hivyo.

Mwanao,
Kindness


Kirua Vunjo
30 Desemba 2024

Mwanangu Kindness,

Marahaba. Nilikasirika siku mbili. Ya tatu ilikuwa Jumapili.

Mchungaji alitaka kuisoma karatasi yako yeye mwenyewe. Nilimwambia mimi ni mwalimu, nasoma. Nilisoma yote, pamoja na pale ulipoandika "sikubonyeza". Kisha nikaongeza la kwangu, kwamba niliuona upepo wa pili nikanyamaza kwa sababu nilitaka binti yangu awe sahihi mbele ya watu. Hilo halikuwa kwenye karatasi yako, ila ndilo lililotokea. Nilivaa ile suti.

Baada ya ibada Mzee Sifael alinifuata hadi getini. Hakuomba msamaha, si kawaida yake. Aliniuliza kama kesho aanike kahawa. Nikamwambia sijui, wiki tano sijatazama mawingu. Akasema basi nianze.

Jana alasiri nilishuka Moshi kwa shangazi yako na isale mkononi. Alilitazama akakataa kulipokea. Nikadhani mambo yameharibika. Akasema, "Eliufoo, isale haliletwi na mwingine kama kifurushi cha basi. Mwambie aje nalo mwenyewe, na aje na kitenge kingine, kile walikikata." Kwa hiyo lipo kwenye ndoo ya maji jikoni linakungoja. Anatoka hospitali tarehe 4. Wilson atakuja na gari na kuna nafasi yako nyuma.

Fomu ya Novemba nimeijaza na nimeituma ofisini kwenu, pamoja na nakala ya ukurasa wa daftari. Desemba nimeacha mistari mitupu, sikupima kweli, nao waone hivyo. Kipimo kilibonyea kidogo upande mmoja siku ile lakini hakivuji, nimekijaribu.

Mvua ya leo asubuhi: hakuna. Upepo: hakuna.

Mvua ya Jumapili, tarehe 24 Novemba, iliyopimwa Jumatatu saa tatu asubuhi kabla sijakwenda hospitali: milimita 71.6. Upepo: wa nne.

Baba yako,
Eliufoo